Ufa wa Mheshimiwa

Aliyelengwa alikuwa mjusi, na mjusi ndiye pekee aliyetoka salama. Alikuwa amejibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, akiota jua kama mstaafu, pale gololi ilipochomoka kwenye manati, ikamkosa kwa upana wa kucha, ikagonga kioo na kudondokea kwenye kopo la maua. Mjusi akaondoka zake bila kutoa taarifa popote. Kioo kikabaki na nyota ndogo, ukubwa wa kifungo cha shati, na kutoka kwenye ile nyota mkia mmoja mwembamba wa ufa, urefu wa kidole cha mtoto, ukielekea chini.

Mpigaji alikuwa mtoto wa kiume wa fundi vioo. Mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alitembea mikono nyuma kama mgeni rasmi anayekagua mradi, na hakuwahi kuomba hata chumvi bila kwanza kutoa hotuba. Fundi alipotoka kwenye karakana yake, iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, penseli sikioni, alimkuta mwanawe kasimama mbele ya dirisha, manati mgongoni, uso wa msiba.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, ingawa mwananchi alikuwa mmoja tu, "nasikitika kuwatangazia kwamba kioo chetu kimepata ajali."

"Kimepata ajali au kimepigwa?"

"Uchunguzi unaendelea."

Fundi alikaza midomo, maana baba akishacheka, kesi imemponyoka. Karakana ile ilikuwa na sheria moja aliyoiacha babu yake Mheshimiwa, fundi vioo naye: anayevunja kioo ndiye anayekata kingine. Hachapwi, hanuniwi, hadaiwi kitu. Anashika almasi, kile kikalamu chenye kigurudumu kikali mdomoni, anakata kioo kipya kwa mkono wake na kukipachika mwenyewe, na mpaka afanye hivyo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kumsaidia wala kukigusa. Fundi mwenyewe alijifunza kazi kwa njia hiyo. Alikuwa mtundu sana, ndiyo maana akawa hodari sana.

"Kwa hiyo kioo hiki utakikata wewe," alihukumu.

"Mimi?"

"Kwani mjusi ana mikono?"

Kioo cha sebuleni kilikuwa kipana, na mikono ya Mheshimiwa ilikuwa bado ya kubebea daftari. Wakakubaliana kwamba atakikata likizo ndefu ikifika, na kwa sasa ajifunze kwenye vipande. Jioni baada ya shule alisimama kwenye meza ya karakana, juu ya kreti ya soda ili afikie, na baba yake akamfundisha siri ambayo wateja hawaijui: kwamba almasi haikati kioo. Inakikwaruza tu. Kazi ya fundi ni kuanzisha ufa mdogo anaoutaka yeye, kisha kukishika kioo pande mbili na kukikunja kidogo sana, na ufa unakimbia kwenye mstari wake mpaka mwisho.

Mheshimiwa alikwaruza mistari iliyonyooka kushinda ya watu wazima. Tatizo lilikuwa kukunja. Ikifika hapo alifumba macho, mabega yakapanda mpaka masikioni.

"Baba, na kama ufa ukinikimbilia mimi?"

"Ufa haukufuati wewe. Unafuata mstari."

"Umeuuliza?"

"Fungua macho, wewe."

"Nitafungua ukishaapa."

Likizo haikumkuta. Homa ilianza kama homa nyingine, na wote waliichukulia hivyo, pamoja na mwenyewe, aliyetangaza kutoka kitandani kwamba katika kipindi hiki kigumu soda zitolewe bila urasimu. Kisha shingo ikakakamaa na hotuba zikakatika. Hospitalini daktari alizungumza kwa sauti ya chini, taratibu, akirudia maneno. Fundi alikuwa akitazama kioo cha mlango wa wodi, jinsi puti, ule ujiuji mzito wa kushikizia kioo, ilivyopakwa ovyo pembeni, na akili yake ilikuwa inairekebisha puti ile, inaipaka upya, inailainisha kwa kidole gumba, mpaka mkewe alipomshika mkono na akaelewa kwamba daktari alikuwa ameshamaliza kusema.

Walirudi nyumbani wakiwa na mtoto mmoja. Huyo alikuwa binti yao mdogo, aliyeitwa Kifurushi kwa sababu tangu azaliwe alikuwa mnene, mzito na anafungwa vizuri kwenye khanga. Mke wa Fundi aliendelea kuitwa Mama Mheshimiwa. Hakuna aliyejua namna ya kuliacha jina lile. Muuza mkaa aliwahi kujaribu "Mama Kifurushi", akaona uso wake, akajirudi haraka kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwalimu mkuu.

Basi kioo kilikaa. Wageni waliokuja kuwapa pole walikitazama. Fundi naye alikuwa akikitazama, na ndiye aliyeona kwanza kwamba mkia wa ufa haukuwa tena urefu wa kidole cha mtoto. Ulikuwa wa kidole cha mtu mzima. Baadaye ukawa wa kiganja.

Hakushangaa, aliijua tabia ile. Ncha ya ufa ni kali kuliko kisu chochote kilichowahi kunolewa. Kila kinachokisumbua kioo, jua likikipasha moto katikati huku kingo zimejificha kivulini ndani ya fremu, upepo, mlango uliobamizwa, hakiwezi kupita katikati ya ufa. Kinauzunguka na kwenda kusongamana pale nchani. Ufa mfupi unavumilia. Ukirefuka, msongamano unazidi, na kisingizio cha kusogea kinahitajika kidogo zaidi. Halafu kuna urefu fulani, hakuna fundi anayeujua mpaka umeshapitwa, ambao ufa ukiufikia hauhitaji tena kisingizio. Mafundi husema umeshika njia. Tangu hapo humwoni mtu akiusukuma, wala huuoni ukienda. Unaona tu kwamba umeshafika.

"Kitoe," alisema Mama Mheshimiwa.

Kifurushi alikuwa ameanza kusimama. Katika nyumba nzima, yenye makochi, stuli na miguu ya wazazi wake, kitu alichokichagua kujishikilia ni kizingiti cha dirisha lile. Alisimama pale akitikisa makalio, paji la uso kwenye kioo, akiongea na kuku wa jirani.

"Nitakifunga selotepu," Fundi alijibu.

"Nimesema ukitoe, sijasema ukifunge bandeji."

"Hakiwezi kutoka mpaka akate..." Fundi akaishia hapo.

Mkewe aliinua macho. Alikuwa amekaa chini, anakunja nguo, na katika zile nguo hamkuwa tena na sare ya shule. "Baba Mheshimiwa," alisema polepole, "akate nani?"

Fundi akaenda kutafuta selotepu. Akakifunga kioo kwa mikanda mipana, mmoja juu ya nyota yenyewe, miwili ikikatiza mkia, na dirisha likaonekana kama mtu aliyerudi vitani. Kifurushi alihamishiwa kwenye kochi. Akarudi dirishani. Akahamishwa tena, akarudi, akiwa na uvumilivu wa mdai.

Habari zilifika ng'ambo ya barabara, kwa fundi vioo wa pili, aliyeitwa Silikoni, kwa kuwa hakuna kitu alichokipachika bila kukizamisha kwenye silikoni, ile gundi ya vioo, na watu walisema hata vifungo vya shati lake havikushonwa. Alikuja na kusimama nje ya dirisha, akikuna kidevu.

"Mwenzangu, mimi sikufichi. Dirisha lako linanitangazia biashara. Juzi mteja kaniambia, yule wa pale hata chake kimemshinda."

"Mwambie ndivyo kilivyo."

"Niruhusu basi. Nipachike kipya wakati wewe uko sokoni. Wala hutaniona. Utarudi utakuta kimeota chenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Fundi alikaribia kutabasamu. Kisha Silikoni, ambaye alikuwa na moyo mwema na mdomo usio na breki, akaongeza, "Mtoto ameshatangulia, kaka. Kioo hakimrudishi."

"Ondoka dirishani kwangu," alisema Fundi.

Silikoni akaondoka bila neno, na hilo ndilo lililomfanya Fundi ajue kwamba alikuwa amepaza sauti sana.

Alichokuwa akikitaka Fundi hakikuwa siri. Mama Mheshimiwa alikijua, na alikuwa akikitaka pia, ndiyo maana alikuwa na hasira kiasi kile. Viatu vya Mheshimiwa vilikuwa vimegawiwa. Daftari zilikuwa sandukuni, lakini maandishi yake yalikuwa ya kila mtoto anayeandikishwa imla. Ile nyota hakuna aliyemwagiza kuichora. Ilikuwa yake mwenyewe, kazi ya mkono wake na shabaha yake mbovu, na katika vitu vyote alivyoviacha ndicho pekee kilichokuwa bado kinakua.

"Nisikilize," mkewe alimwambia siku iliyofuata. Alikuwa amemweka Kifurushi kiunoni. "Huyu ninaye. Yule sinaye. Nakupa nafasi moja. Kama unaweza kuuzuia ufa usisogee, uuzuie, kioo kikae hapo mpaka tuzeeke. Ukishindwa, leo hii kinatoka, hata kama nitakitoa kwa mwiko. Umesikia?"

"Ninaweza," alisema Fundi, na macho yake yakawa na uhai ambao haukuonekana kwa muda mrefu.

Njia ya kuusimamisha ufa ni ya ajabu kidogo: unautoboa. Ufa unaendelea kwa sababu ncha yake ni kali. Ukitoboa tundu la mviringo pale hasa ncha ilipo, ukali unaisha; ufa unafika kwenye duara na kukosa pa kushika. Shida ni kuijua ncha. Jicho humwambia fundi ufa umeishia hapa, kumbe umetangulia mbele yake, mwembamba usioonekana. Fundi asiyejua hilo hutoboa nyuma ya ncha, na ufa haujui hata kama ametoboa.

Kifurushi alipelekwa kwa jirani, akipinga. Fundi aliacha selotepu ya nyota mahali pake, akabandua kwa upole ile ya chini, akapaka mafuta ya taa kwenye mkia, akayafuta kabisa na kuupuliza unga wa chaki juu yake. Wakasubiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kuvuja kidogo kidogo na kulowesha chaki, na mstari wa kijivu ukajiandika wenyewe mbele ya macho yao. Ulipita pale walipodhani mwisho. Ukaendelea, upana wa kidole kizima, kisha ukasimama.

"Kumbe alishafika hapo," alisema Mama Mheshimiwa.

Alisema alishafika, hakusema ulishafika. Hakuna aliyemsahihisha.

Fundi aliweka alama ya penseli. Akabandika kikombe cha puti chini ya alama ili kishike maji, akashika drili yenye msumari wa kutobolea kioo, na mkewe akashika birika.

"Mwaga. Kidogo kidogo. Usiache pakauke."

"Namwaga. Wewe usiongee na mimi, ongea na kioo."

Drili ililia kama mbu aliyesoma. Maji meupe yakateremka ukutani. Fundi alikuwa hasukumi. Alikuwa ameegemeza tu, kwa uzito wa kikombe cha chai, na jasho lilimwingia machoni asilifute. Ilipokaribia kutokea upande wa pili, mahali ambapo vioo vingi hufia, alipunguza hata ule uzito mdogo, akapunguza tena, mpaka drili ikapita yenyewe na sauti ikabadilika.

Akaizima. Tundu lilikuwa safi, jembamba kama la kupitishia kamba ya kiatu. Mkia wa ufa uliingia ndani yake upande wa juu, na upande wa chini hapakuwa na kitu. Kioo kitupu, kizima.

"Umeweza," alisema Mama Mheshimiwa. Akaiweka birika chini na kuanza kucheka, mikono mdomoni, kicheko chenye machozi. "Jamani, umeweza! Angekuwepo angetuhutubia mpaka kesho."

"Angeanza na itifaki."

"'Baba mpendwa, mama mpendwa, wajumbe wa kamati ya birika...'"

Wakacheka wote wawili, wamelowana, chaki mpaka kwenye kope. Kisha Mama Mheshimiwa akafuta mikono akaenda kwa jirani kumchukua Kifurushi, na Fundi akabaki peke yake na kioo. Akakifuta puti. Akakifuta chaki. Alitaka kikae safi, kama siku ile, kionekane vizuri kwa miaka yote iliyokuwa mbele. Mkanda wa selotepu juu ya nyota ulikuwa umechafuka na kugeuka rangi. Hapakuwa na haja nao tena. Akaingiza ukucha chini ya pembe yake, akavuta.

Selotepu ilikuwa imekaa juani muda mrefu na ilikuwa imeshika sana. Kioo kikaja nayo, kidogo tu, kama ngozi inavyokuja na bandeji. Na chini ya ule mkanda, kwenye bega la juu la nyota, kulikuwa na mkia mwingine. Ulikuwa umekua pale gizani, taratibu, huku yeye akiutazama ule wa chini kila siku.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mtu anayevunja kijiti cha meno. Ufa ulikuwa kwenye nyota, kisha ulikuwa kwenye fremu ya juu, na katikati hapakuwa na safari. Kioo kikajigawa, kikasita, kikaanguka ndani ya chumba, na kipande kikubwa kikapiga sakafu mahali hasa ambapo Kifurushi alipenda kusimama.

Fundi alisimama na mkanda wa selotepu ukining'inia kidoleni.

Kisha mikono yake ikafanya kile ilichokifanya maisha yake yote kioo kinapovunjika. Ikavaa glavu. Ikaokota vipande vikubwa, ikavilaza kwenye ndoo, ikafagia vidogo kuanzia pembeni kwenda katikati, ikapitisha kitambaa kibichi sakafuni kuokota vumbi lisiloonekana, kwa kuwa kuna mtoto anayetambaa. Ikabeba ndoo mpaka karakanani, ikaimimina kwenye pipa la mabaki, na kama kawaida ikalishika pipa masikio na kulitikisa vizuri, vipande vishuke na nafasi ipatikane. Fundi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa bado dirishani.

Mama Mheshimiwa aliporudi alikuta pazia linapepea na sakafu inang'aa. Alisimama mlangoni na Kifurushi begani, akaelewa. Hakupiga kelele.

"Mtoto hakuwepo," alisema Fundi. "Hakuna aliyeumia."

"Naona." Akamweka Kifurushi kwenye kochi, akaja kusimama karibu na mumewe. Upepo ulikuwa ukiingia na harufu ya mkaa na sauti za barabarani, zote zikiwa karibu mno. "Basi. Hata vipande vitatosha. Tutaviweka kwenye boksi. Ile nyota hasa. Viko wapi?"

Fundi alinyoosha mkono kuelekea karakana, na mkono ulipofika hewani ndipo akaelewa unaonyesha nini.

"Hapana," alisema mkewe.

Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Walitandaza turubai uani, wakaliinamisha pipa na kulimwaga polepole. Vilikuwa vipande vya kazi za miezi: madirisha ya shule, kabati la duka la dawa, meza ya kinyozi, fremu za picha za harusi. Fundi alikuwa akinunua kioo duka moja siku zote, unene ule ule, kwa hiyo kingo zote zilikuwa na rangi ile ile ya kijani iliyopauka. Wateja walipomuuliza kama kuna tofauti kati ya hiki na kile, alizoea kuwaambia kwa fahari kwamba kwake kioo ni kioo. Sasa alipiga magoti mbele ya lundo lile akaliangalia, mtu aliyeshika kioo tangu utotoni, na halikumwambia lolote.

"Hiki?" aliuliza Mama Mheshimiwa, akiinua kipande juani.

"Sijui."

"Hiki?"

"Hicho cha kinyozi. Kimesuguliwa ukingo."

"Na hiki? Tazama vizuri, Baba Mheshimiwa."

"Natazama. Sijui."

Walitafuta nyota. Lakini nyota ni nyufa nyingi zilizokusanyika mahali padogo, na sehemu kama hiyo ikianguka huwa haibaki kipande. Inakuwa punje, na punje zilikuwa zimejaa turubai zima, zikimeta, zote sawa. Glavu zilimzuia Fundi kusikia kingo, akazivua. Muda si muda vidole vyake vilikuwa na damu. Mkewe aliiona na hakumkataza.

Kisha akapiga ukelele mdogo. "Hiki hapa! Kina tundu! Nusu ya tundu, ona, ona!"

Fundi akakipokea. Ndicho, bila shaka. Nusu duara safi ukingoni, na unga wa chaki ulionata kwenye mkunjo wake. Mama Mheshimiwa alikuwa akitabasamu, ameshaanza kufungua fundo la khanga ili akiweke. Fundi alikigeuza juani, akakigeuza tena. Duara lile lilikuwa zima kutoka pembe hadi pembe. Hakuna ufa ulioingia ndani yake. Kama ungekuwa umeingia, kingekuwa vipande viwili.

"Huu ni upande wa chini wa tundu," alisema.

"Ndiyo. Si ni chenyewe?"

"Ni chenyewe. Lakini hapa ni mbele ya tundu, mama. Nilimzuia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya fundi anayemweleza mteja. "Yeye hakufika huku. Hiki nimekitoboa mimi. Cha kwake ni cha upande wa juu."

Ndani ya nyumba Kifurushi alikuwa ameshuka kwenye kochi. Walimsikia akifika dirishani, akijivuta na kusimama, kisha akinyamaza, kwa mshangao wa mtu aliyeegemea kitu kisichokuwepo. Hakulia. Akaanza kuongea na kuku, na safari hii kuku walimsikia.

Mama Mheshimiwa akakichukua kile kipande mkononi mwa mumewe, akakilaza kando juu ya turubai, peke yake. Akafuta mikono kwenye khanga, akainama tena juu ya lundo, akainua kingine na kukielekeza kwenye mwanga.

"Hiki je?"